Kwa mwalimu wa kwaya wa Katuba: wimbo umefika mbali, na kwaya je?

Swali limetoka kwa mama mmoja anayeongoza kwaya ya kanisa huko Katuba, hapa Lubumbashi. Nimelifupisha, ila maneno ni yake:

"Jambo yako, Papa. Kwaya yetu ina watu 32. Mwaka jana, usiku wa mkesha, kijana mmoja alituchukua video kwa simu tukiimba wimbo wetu, akaiweka YouTube, na vipande vyake vikaenda TikTok. Imetazamwa zaidi ya mara 300,000. Tangu hapo hatuna amani. Dada anayeanzisha wimbo anataka kutoka peke yake. Pasta anasema chaneli ni mali ya kanisa. Kuna bwana anajiita promota, anataka tukate sekunde 15 watu wazichezee. Mfanyabiashara ametoa dola 200 tumtaje jina katika wimbo unaofuata. Ndugu zetu walio Johannesburg, Lusaka na Brussels wanatuma pesa kwenye kundi la WhatsApp, na sasa wanataka kutuchagulia nyimbo. Na Alhamisi kwenye mazoezi, kati ya watu 32 wanafika 14. Tena kuna mama mmoja wa sauti ya pili ambaye kwenye video anaonekana analia. Watu wamemfanyia vipicha vya kuchekea na wanatumiana. Papa, tumeipanua kwaya au tumeipoteza? Na ile video, tuifute?"

Jambo, Mama. Barua yako ina namba nyingi, na iliyonisimamisha ni 14. Hizo 300,000 nimeziona kwa kwaya nyingine. Huja na huondoka. Watu 14 siku ya Alhamisi katika kwaya ya watu 32 ni habari nzito zaidi, nami nitakujibu nikiwa nimeishika hiyo mkononi.

Niondoe kwanza jambo ambalo hukuliuliza lakini najua mnalisemasema mkitoka ibadani: kama ni halali wimbo wa Mungu kuingia sokoni. Uliingia zamani. Dwight Moody na mwimbaji wake Ira Sankey walipokwenda kuhubiri Uingereza mwaka 1873, kitabu cha nyimbo cha Sankey kilinunuliwa sana hata watu wakaanza kunong'ona kwamba Wamarekani wale wamekuja kutajirika. Walichofanya ni kuyatoa mapato ya kitabu mikononi mwao na kuyakabidhi kwa kamati ya watu wengine, yakaenda kwenye kazi za kanisa na shule. Huko Chicago, Thomas Dorsey alikuwa mpiga piano wa blues kabla hajaanza kutunga nyimbo za injili, na wachungaji wengi walimfungia mlango kwa sababu piano yake bado ilikuwa na harufu ya baa. Alitembeza karatasi za nyimbo zake kanisa kwa kanisa, akazituma kwa posta, na mwaka 1932 akafungua duka lake mwenyewe la kuzichapisha. Leo mtu akisema "gospel", nusu ya anachosikia kichwani ni kazi ya huyo aliyefukuzwa mlangoni. Kwa hiyo usiruhusu mtu awatishe kwa neno "biashara". Kwa Sankey chukua jambo moja, ile kamati. Nitairudia.

Mfano unaoniuma zaidi uko karibu nasi. Mwaka 1958, pale Kamina, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, alikuwa na kundi la wavulana wapatao 45 na walimu 15 walioimba misa kwa mitindo ya Kiluba. Maneno yalibaki ya Kilatini, sauti zilikuwa za kwetu. Kyrie yao, kwa mfano, ilifuata kasala, ule utenzi wa Waluba wa kusifu na kuomboleza. Waimbaji waliijenga kwa kuitikiana bila karatasi, kama mnavyofanya ninyi usiku wa mkesha. Hiyo ndiyo Missa Luba. Mwaka huohuo walizunguka Ulaya, kampuni ya Philips ikatoa santuri, na santuri ikaendelea kuuzwa miaka na miaka. Mwaka 1968 mtengenezaji filamu mmoja huko Uingereza akaiingiza Sanctus yao katika filamu yake, na vijana wa London wakaununua wimbo ule kama walivyonunua rock. Na kundi liliitwaje? Les Troubadours du Roi Baudouin. Watoto wa Kamina walizunguka dunia wamevaa jina la mfalme wa Ubelgiji. Kila nikiisikia Sanctus ile moyo hunipanda, kisha huanza kuwaza wale watu 60 walirudi nyumbani na nini.

Sasa fungua video yenu uangalie jina la chaneli. Kama ni jina la utani la kijana aliyeshika simu, mmekwisha kupanda treni ileile. Sisemi ni mwizi. Bila yeye wimbo ungebaki Katuba. Ila sauti zenu 32 zinatembea kwa jina lake, kwa anwani yake ya barua pepe, kwa nywila iliyo kichwani mwake. Niliwahi kurekodi kwaya moja ya hapa mjini ambayo chaneli yake ilifunguliwa na mpiga kinanda. Mpiga kinanda akaenda kutafuta maisha Kolwezi, simu ikaibwa huko, namba ikafungwa, na kazi ya miaka minne ikabaki hewani bila mtu yeyote wa kwaya kuweza kuigusa. Hawakuweza hata kubadili neno moja chini ya video. Kwa hiyo wiki hii, kabla ya lolote lingine, kaeni na huyo kijana kwa heshima, mle pamoja ikiwezekana, mumwombe awaingize. YouTube inaruhusu chaneli moja iwe na watu kadhaa wenye ngazi tofauti za mamlaka. Wekeni watatu: wewe, katibu, na mmoja katika wazee wa kwaya. Laini ya simu ya kurudishia nywila iwe moja, inunuliwe kwa ajili hiyo tu, ikae kwa mtu asiyehamahama. Na kijana apewe kazi yenye jina, aitwe mtunza chaneli, atajwe mbele ya kanisa. Mtu aliyetambuliwa hana sababu ya kukimbia na funguo.

Pasta anaposema chaneli ni mali ya kanisa, msikilizeni. Ukumbi ni wa kanisa, jenereta ni ya kanisa, na watu wanapoona video huandika jina la kanisa. Lakini wimbo una mtunzi. Sheria yetu ya haki za mtunzi, ile ya tarehe 5 Aprili 1986, inaanza na aliyetunga. Haianzi na mwenye jengo. Kama wimbo ulitungwa na mtu mmoja, andikeni jina lake. Kama mliujenga pamoja, huyu kaleta maneno, yule kaleta kiitikio, andikeni hivyo hivyo, kwa daftari, kila mtu atie sahihi, na aliyetunga ajiandikishe SOCODA, shirika la nchi yetu la kusimamia haki za watunzi, lililochukua nafasi ya SONECA mwaka 2011. Daftari lenye sahihi litawasaidia kuliko hotuba zote zitakazosemwa siku mtakapogombana. Na siku hiyo itakuja, Mama, kwaya zote ninazozijua imewafikia.

Kuhusu pesa za mtandao sitasema mengi kwa sababu si nyingi. Mtangazaji hulipia mtazamaji kulingana na mahali alipo na anachoweza kununua, kwa hiyo jicho moja la Brussels lina bei kuliko macho kadhaa ya Katuba. Hapa kwetu, pia, mega za intaneti ni ghali, na wimbo ukipendwa unahamia kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu na kupita mkono kwa mkono, ambako hakuna anayehesabu. Spotify, iliyofunguliwa kwetu mwaka 2021, tangu 2024 hailipi chochote kwa wimbo ambao haukusikilizwa walau mara 1,000 ndani ya miezi 12. Wekeni nyimbo huko, zijulikane, lakini msinunue kinanda kwa matumaini ya hela hizo. Kinachoilisha kwaya bado ni mialiko ya harusi, konsati, na ndugu walio mbali. Chochote kitakachoingia, kiingie kwenye akaunti moja ya simu iliyo chini ya kamati ya Sankey: watu watatu wasiokuwa pasta, wasiokuwa wewe, wasiokuwa dada anayeanzisha. Gharama zitoke kwanza. Kinachobaki mkigawe mlivyokubaliana kabla hakijaingia, na hesabu isomwe kwa sauti mbele ya wote kila mwezi, kama mnavyosoma likelemba, ule mchango wa kupokezana pesa.

Hapa kwenye dola 200 nataka nikae kidogo.

Unajua mabanga, yale majina ya watu yanayotajwa ndani ya nyimbo kwa malipo, yalikotoka. Wanamuziki wa Kinshasa waliona kaseti zao zinanakiliwa sokoni kabla hata mauzo hayajaanza, kisha CD zikapata msiba uleule. Santuri ikawa hailishi tena. Basi wakaanza kuuza kile kisichoweza kunakiliwa bila kumnufaisha mnunuzi, yaani jina lake. Tajiri analipa, mwimbaji anatupa jina lake katikati ya wimbo, na kadiri wimbo unavyoibwa ndivyo jina linavyofika mbali. Viwanda vya bia navyo vikaingia kwa nguvu zao, vikagawana wanamuziki wakubwa. Sizilaumu familia zilizolishwa na mabanga. Mtu anatafuta chakula.

Tangazo la wazi halinisumbui. Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wetu, alipokuwa Nairobi aliimba kutangaza dawa ya Aspro redioni, na aliyesikiliza alijua anauziwa kidonge cha kichwa. Wimbo wenu una kazi nyingine. Ukiuweka mdomoni mwa mtu anayeomba, jina la mfanyabiashara linaingia katika maombi yake bila kumwomba ruhusa. Mwanamke ambaye mtoto wake amelazwa hospitali, akiuimba wimbo ule saa nane za usiku kando ya kitanda, atafika kwenye mstari ule na atalazimika kumtaja mtu anayeuza simenti. Hilo sikubali. Mwambieni mfanyabiashara asante, na kama ana moyo, anunue spika au alipe usafiri, nanyi mtamshukuru kwa barua na kwa kumwombea ana kwa ana. Akikataa, mtajua alichokuwa ananunua.

Promota na sekunde zake 15: mruhusuni kiitikio, tena kile cha furaha. Vijana wakicheza kiitikio cha sifa barabarani kwenye mitaa yetu ya Kenya au Ruashi, sioni ubaya. Babu zetu walicheza mbele ya Mungu kabla hatujapewa madawati ya kukalia. Msimpe kipande cha maombi wala cha mtu analia. Na asishike nywila.

Dada anayeanzisha msimfunge. Sauti kama yake itatoka tu, kwa baraka zenu au kwa ugomvi. Waimbaji wengi wa injili wanaojulikana leo Congo walilelewa na kwaya, na zile kwaya zilizowatoa kwa mikono ya baraka bado zinawaita na wao wanakuja. Arekodi nyimbo zake kwa jina lake. Nyimbo za kwaya aziimbe akiwa kwaya. Andikeni hilo pia daftarini. Halafu tafuteni sauti mbili nyingine za kuanzisha, mapema, kwa sababu kwaya yenye koo moja tu ilikuwa imeshaumwa kabla ya video.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe, kupanua au kupoteza. Ili nilijibu lazima nikurudishe Kolwezi ya miaka ya 1950.

Pale kwenye kambi za wafanyakazi wa migodi, padri mwingine Mfransisko, Placide Tempels, yule aliyekuwa ameandika juu ya falsafa ya Wabantu mwaka 1945, alianza kukutana na wanaume na wake zao kuzungumza wanachokitamani hasa maishani. Wakasema mambo matatu: uzima, uzazi, mapendo. Kutoka hapo likatokea kundi lililojiita Jamaa. Fikiri watu wale walikuwa nani. Kampuni ilikuwa imewakusanya kutoka Kasai, kutoka kwa Waluba wa Katanga, kutoka kwa Wabemba, kila mmoja ameacha ukoo wake mbali, na jirani wa nyumba ya safu ile hakuwa ndugu kwa lolote. Jamaa ikawapa baba na mama wapya. Mafundisho hayakupita kwa kitabu. Yalipita kwa kukutana, mume na mke wakiwalea mume na mke wengine, nyumbani, jioni, kwa Kiswahili hiki chetu cha migodini. Yakafika Lubumbashi, yakavuka hadi Kasai. Tempels aliondoka Congo mwaka 1962, na Jamaa ikaendelea bila yeye, hata maaskofu wakaanza kuiogopa kwa sababu watu walijisikia ndugu kwa namna ambayo parokia haikuwapangia.

Naipenda habari hii kwa sababu inajibu wale wanaosema zamani jumuiya ilikuwa kitu kimoja imara na simu imekuja kuivunja. Lubumbashi haijawahi kuwa na jumuiya ya kurithi. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na kila kizazi kimebidi kijitengenezee ndugu, kwa kabila, kwa timu ya mpira, kwa kambi, kwa kanisa. Baada ya Mobutu kufungua milango mwaka 1990, makanisa ya uamsho yalizaliwa kila barabara, na mtu wa mtaa wa Bel-Air akawa ana "baba wa kiroho" ambaye mama yake mzazi hamjui. Redio na televisheni za makanisa zikafuata. Mwaka 2020, kuanzia Machi hadi Agosti, ibada zilipozuiwa kwa sababu ya korona, hata wale waliokuwa wakiicheka simu walikaa sebuleni wakifuata mahubiri kwenye Facebook. Kwa hiyo kundi lenu la WhatsApp si dhambi mpya. Ni namna nyingine ya mji huu kutafuta jamaa.

Lakini lisikilize neno lenyewe. Jamaa, jamii, jumuiya, Ijumaa, yote yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kukusanya. Kanisa nalo, ukilifuata hadi kwenye lugha za Mashariki ya Kati lilikotoka, ni kukusanyika. Wazee waliotuachia maneno haya walikuwa na jambo moja akilini: miili mahali pamoja. Simu imetuwezesha kusikilizana bila kukusanyika, na hilo ni zawadi kubwa, ila maneno yetu bado hayajajua yaliite nini, ndiyo maana tunachanganyikiwa. Mtu aliyebofya anaitwa mfuasi. Yesu naye alikuwa na wafuasi, na wale walichoka miguu.

Kwa miaka mingi nimekuwa na kipimo changu, nakupa. Jamaa yako ni yule ambaye usipofika anajua hukufika. Nani, kati ya wale 300,000, alijua kwamba Alhamisi iliyopita besi wawili hawakuja? Hakuna. Na nani alijua? Wale 14. Wanajua hata sababu: mmoja yuko zamu, mwingine amegombana na katibu juu ya pesa za Johannesburg. Mtu wenu akifiwa, ni nani atakuja matangani kulala chini kwenye mikeka na kuimba hadi asubuhi? Kipimo hicho hakimfukuzi mtu. Kinaonyesha tu nani ni msikilizaji, ambaye tunampenda na kumpa wimbo, na nani ni kwaya.

Ndugu walio Johannesburg, Lusaka na Brussels wako katikati, na hapo ndipo busara yako inahitajika. Wengine waliimba nanyi kwenye madawati yaleyale. Wanapotuma dola 50 hawanunui wimbo, wanajaribu kubaki. Ukiwapa haki ya kuchagua nyimbo kwa sababu wametuma, umewafanya wateja, na mteja akichoka huondoka. Wapeni kitu kigumu zaidi. Kila mmoja akabidhiwe mtu mmoja wa kwaya wa kumpigia simu kila wiki. Ampigie kwa sauti, asiishie kutuma ujumbe. Amuulize habari za mtoto, za kodi ya nyumba, za kifua chake. Yule wa kwaya naye awe na kazi ya kujua kama huyo wa Brussels ameamka mzima, amepata karatasi zake, ana mtu wa kula naye Krismasi. Atakayeifanya kazi hii mwaka mzima ana sauti katika kuchagua wimbo, hata kama hajatuma senti. Atakayetuma pesa peke yake apewe risiti na shukrani. Jamaa ilisambaa hivyo, nyumba kwa nyumba, na sioni kwa nini simu isibebe mzigo huo. Inabeba mizigo ya kipuuzi zaidi.

Kuhusu Alhamisi, nadhani najua kilichotokea, nisahihishe kama nimekosea. Baada ya video, kamera ziliingia mazoezini. Mazoezi yana haki ya kuwa mabaya. Ni mahali pa kukosea sauti, kucheka, kurudia mstari mara ishirini, kuvaa kitenge cha nyumbani. Simu ikishawekwa pembeni kuchukua vipande vya "nyuma ya pazia", mwimbaji wa tatu kutoka mwisho, yule ambaye sauti yake haijakaa sawa, anaanza kuona aibu, na mtu mwenye aibu hutafuta udhuru. Wanaokosa ni akina nani? Nabashiri ni wazee na ni wale wasioonekana mbele kwenye video. Wameelewa, bila kuambiwa, kwamba kwaya sasa ina watu wa picha. Funga kamera Alhamisi, simu zote ziende kwenye kapu mlangoni. Na wale 18, usiwaandikie kwenye kundi. Wagawe kati ya wale 14, waende nyumbani kwao kwa miguu, Katuba si kubwa. Wasiwaulize kwa nini hawaji. Wawaambie nafasi yao kwenye safu iko wazi na inaonekana.

Kamera matangani pia hapana, labda mwenye msiba aombe mwenyewe. Na watoto wasichukuliwe video bila wazazi kujua.

Nimeliacha la mama anayelia hadi mwisho kwa sababu ndilo lililonikosesha usingizi. Alikuwa anaomba. Sijui alikuwa anamwambia Mungu nini, na wewe hujui. Watu wa mbali wamelichukua lile chozi, wamelitia maneno ya mzaha, wanalirushiana, na wengi wao ni Wakristo. Ukiniuliza nani alaumiwe nitasema sote tuliotazama tukapitisha.

Usiamue wewe, wala pasta, wala kamati. Nenda kwake na mwanamke mwingine mmoja wa sauti ya pili, mchana, wakati wanawe wapo. Inawezekana hajaiona video yote, ameona vipicha tu. Muonyeshe nzima, kwenye simu yenye kioo kizuri, na mkae kimya hadi iishe. Halafu muulize. Akisema ifutwe, ifute ukiwa bado umekaa kwake, hata kama namba ni 300,000, hata kama promota atapiga kelele. Vipicha vilivyokwisha kusambaa hamtaweza kuvirudisha vyote, lakini atajua kwamba kwaya yake ilimchagua yeye, na mnaweza kurekodi wimbo upya wakati wowote. Akisema ibaki, muulize swali la pili: jina lake anataka liandikweje chini ya video, la ubatizo, la mumewe, au lile la ukoo ambalo mama yake alimwitia. Liandike herufi kwa herufi kama atakavyokutamkia, kisha uendelee na majina ya wengine 31.